Mwoneni Kwanza Mama Yake

Mtu asafiriye kutoka milima ya Masisi na kushuka kuelekea misitu ya Walikale hukutana na mbwa wa kazi mbili. Kule juu, pande za Burungu na Kitchanga, ambako msitu ulikatwa zamani ukawa malisho, mbwa hulala mlangoni pa boma la ng'ombe na kuwabwekea wageni wa usiku. Kule chini, ambako miti ingali imefunga anga, mbwa ni mwenzi wa mwindaji. Huvishwa njuga shingoni ili bwana wake asikie amekwenda wapi ndani ya majani mazito. Wote wawili hawakununuliwa kwa bei kubwa. Mbwa wa jirani alizaa, jirani akagawa: mmoja kwa shemeji, mmoja kwa rafiki aliyeleta kuku, mmoja kwa mzee aliyekuwa akisumbuliwa na nyani shambani. Kila mtu alimjua mama wa mbwa wake, kwa maana alimwona kila siku akipita njiani.

Siku hizi desturi hiyo imepata mwenzake. Mijini watu wenye maduka na nyumba za matofali huwaogopa wezi, nao hutafuta mbwa mkubwa mwenye masikio yaliyosimama, yule aitwaye mchungaji wa Kijerumani. Mbwa huyo ana bei, na penye bei hapakosi wauzaji. Mjini Nairobi wachuuzi husimama kando ya barabara kubwa wakiwainulia wenye motokaa watoto wa mbwa, kama wengine wauzavyo ndizi na karanga. Motokaa yasimama, fedha zatolewa, mtoto wa mbwa aingizwa dirishani, safari yaendelea.

Sisi hatuilaumu kazi hii kwa kuwa ni kazi. Mtu akifuga mbuzi na kuku ili auze, kwa nini asifuge mbwa? Twataka kuuliza jambo moja tu, ambalo mnunuzi wa dirishani haliulizi: mama yake yule mtoto yuko wapi, naye anaishije?

MBWA WA KONGO ALIYEKWENDA ULAYA

Labda wako wasomaji, hasa ninyi wanafunzi, wanaodhani kwamba mbwa wa kwetu ni mbwa bure, na mbwa wa maana ni yule atokaye ng'ambo. Basi sikieni habari hii.

Katika misitu ya Kongo yumo mbwa mdogo, kimo chake karibu sentimeta 40, uzito wake karibu kilo 10, mwenye manyoya mafupi, mkia uliojikunja juu ya mgongo, na paji la uso lenye makunyanzi kama mzee anayefikiri deni. Mbwa huyu si bubu, lakini habweki kwa kufululiza kama wengine. Akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kana kwamba anajaribu kuimba. Ndiyo sababu mojawapo ya kumfunga njuga. Tena jike wake kwa desturi hupata joto mara moja tu katika mwaka, hali majike wa mbwa wengi hupata mara mbili. Mwili wake wenyewe umemwekea kiasi.

Wazungu walimpenda mapema. Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hii walionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts. Muda si muda wakafa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa unaoanza na homa na makamasi na kuishia katika kifafa. Mwaka 1923 bibi mmoja Mwingereza, Lady Helen Nutting, aliwachukua sita kutoka kusini ya Sudani. Nao wakafa huko Uingereza, baada ya kudungwa chanjo ya ugonjwa ule ule, kwa maana chanjo ya siku zile ilikuwa haijawa salama. Mwaka 1936 Bibi Olivia Burn akapeleka wengine kutoka Kongo, na mwaka 1937 akawaonyesha Crufts. Watu walisongamana kumtazama mbwa asiyebweka.

Wakampa jina basenji. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufasiriwa neno hilo, maana kwa Kilingala basenji ndiyo sawa na washenzi wetu. Ndilo neno lile lile walilotumia masetla wa Kenya, waliomwita kila mbwa wa Mwafrika «shenzi». Kwa hiyo mbwa huyu alipanda meli akiitwa mbwa wa washenzi, akashuka ng'ambo akawa mali ya mabwana na mabibi, anafugwa kwa vitabu vya ukoo na kuuzwa kwa bei nono.

Na hapo ndipo shida ilipoanza. Mbwa wote hao wa Uingereza na Marekani walitokana na wazee wachache sana waliosalimika safari, karantini na maradhi. Wafugaji hawakutaka damu ngeni iingie, kwa kuwa thamani ya mbwa ilikuwa katika usafi wa ukoo wake. Basi wakawapandisha mbwa wa ndugu kwa ndugu, binamu kwa binamu, kizazi baada ya kizazi. Wazee wetu, ambao hawakusoma kitabu chochote cha elimu ya urithi, waliwakataza vijana wasioane ndani ya ukoo mmoja. Wafugaji hao walikuwa na vitabu tele, wakafanya kinyume.

Katika miaka ya 1960 ikaonekana kwamba mbwa wengine walikuwa wakidhoofika na kufa wangali vijana, kwa ugonjwa wa kupungukiwa damu. Ugonjwa huo hujificha. Mzazi aweza kuubeba asiugue siku hata moja. Lakini wazazi wawili wanaoubeba wakikutanishwa, karibu robo ya watoto wao huupata. Madaktari wakapata njia ya kuwapima waubebao, na wafugaji wakawatoa hao wote katika uzazi. Hilo lilikuwa jema. Lakini kundi ambalo lilikuwa dogo likazidi kuwa dogo, na ugonjwa mwingine uliokuwa umejificha ukapata nafasi ya kuenea. Huu huitwa Fanconi. Figo za mbwa hushindwa kuzuia sukari na chumvi za mwili, vyote vikatoka pamoja na mkojo. Mbwa hunywa maji bila kushiba na kukonda hata kufa, asipotunzwa. Jambo baya kuliko yote ni kwamba ugonjwa huu kwa kawaida hauonekani kabla ya miaka minne au zaidi. Kufika siku hiyo, jike amekwisha kuzaa mara kadhaa, watoto wake wameuzwa, na muuzaji amekwisha kula fedha.

Je, dawa ilitoka wapi? Mwaka 1987, na tena mwaka 1988, wafugaji Wamarekani walifunga safari mpaka kaskazini mashariki ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, wakapita kijiji kwa kijiji wakitafuta mbwa wa wawindaji. Wakarudi nao kwao. Mwaka 1990 chama cha American Kennel Club, ambacho hushika vitabu vya koo za mbwa, kikafungua kitabu kilichokuwa kimefungwa, kikawaandika mbwa hao wa vijijini, hata wale wenye milia ambayo haikujulikana huko. Baadaye, mwaka 2011, kikapatikana kipimo cha kuonyesha wazi ni mbwa yupi anabeba Fanconi, hata mfugaji wa leo hana udhuru.

Tusijisifu mno lakini. Mbwa wa kijijini ana damu nzuri kwa sababu aliye dhaifu hufa mapema, na hufa vibaya: kwa minyoo, kwa njaa, kwa fimbo. Mara nyingi hupewa makombo ya bugali, na mifupa ya ndagala ikiwa ipo, kisha watu hushangaa kwamba anaiba. Uzuri wa mbwa wetu si kazi ya mikono yetu.

MABANDA YA KUKU

Sasa tuvuke bahari, tuone mahali ambapo uzazi wa mbwa umekuwa kama kiwanda. Baada ya vita ya 1939 hadi 1945, wakulima wa majimbo ya kati ya Marekani walikuwa na shida ya mazao na bei. Wengi wakashauriwa wafuge mbwa wa kuuza, kwa kuwa familia za mijini zilikuwa zikiwataka. Wakachukua mabanda ya kuku yaliyokuwa tupu, wakatia mbwa. Twaomba msomaji aliyezaliwa Masisi asiwacheke watu hao upesi. Walikuwa wakulima, mvua iliwaangusha, na watoto wao walihitaji viatu vya shule.

Kutoka mabanda hayo yakakua mashamba yenye majike kumi, hamsini, mia na zaidi. Jike huishi katika kizimba cha waya, mara nyingi sakafu yake nayo ni waya, ili kinyesi kidondoke chini na kazi ya kufagia ipungue. Vidole vyake hupanuka na kufanya vidonda. Meno huoza kwa kuwa hakuna ayatazamaye. Kila apatapo joto hupandwa. Watoto wakifika majuma manane huondolewa kwenda dukani, naye hungoja joto lingine. Akifika miaka mitano au sita uzazi wake hupungua, na kwa hesabu ya tajiri wake yeye sasa ni mlaji bure.

Marekani wana sheria ya mwaka 1966, iliyopanuliwa mwaka 1970 hata ikawagusa wafugaji hao. Nasi tuliisoma kanuni ya vizimba kwa makini. Yasema: mpime mbwa kutoka ncha ya pua mpaka shina la mkia, ongeza inchi 6, yaani sentimeta 15 hivi, kisha ufanye mraba wa kipimo hicho, na juu ya kichwa chake iachwe nafasi ya inchi 6. Basi. Mbwa aweza kusimama, kugeuka na kulala. Mwenye kizimba hicho ametimiza kipimo cha kizimba, hata jike akikaa humo miaka mingi. Msomaji na ajipime mwenyewe kwa kamba chini ya sakafu, aone.

Huko Missouri, jimbo lenye wafugaji wengi wa namna hiyo, wananchi walipiga kura mwezi wa Novemba 2010 kwamba mtu mmoja asiwe na majike wa kuzaa zaidi ya 50. Waliokubali walizidi kidogo tu. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakakifuta kikomo hicho. Fedha za mbwa si haba.

Uingereza ilikwenda njia nyingine, na jina la njia hiyo ni jina la jike mmoja. Lucy alikuwa mbwa mdogo wa aina ya spanieli, aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa katika Wales. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kukaa miaka katika kizimba kifupi, manyoya yamenyonyoka, na alipatwa na kifafa. Aliishi miaka michache tu katika nyumba ya watu, akafa mwaka 2016. Picha zake zilikuwa zimeonwa na watu wengi, na katika Uingereza sheria iliyoitwa kwa jina lake ikaanza kutumika tarehe 6 Aprili 2020. Sheria hiyo haihesabu vizimba wala inchi. Yasema kwamba mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita asiuzwe na duka wala mchuuzi wa katikati. Anunuliwe kwa mfugaji mwenyewe, mahali alipozaliwa, na mnunuzi aonyeshwe mama yake akiwa pamoja naye. Ufaransa nayo ilipitisha sheria mwezi wa Novemba 2021, na tangu tarehe 1 Januari 2024 maduka ya huko hayana ruhusa kuuza mbwa wala paka.

Kwa maoni yetu sheria ya Lucy ina akili kuliko ile ya inchi, maana haihitaji mkaguzi mwenye kamba. Jicho la mnunuzi latosha. Jike aliyekonda, mwenye vidonda na chuchu zilizoning'inia, hawezi kufichwa na maneno matamu.

HESABU YA KIJANA

Sasa turudi kwetu. Tuseme kuna kijana, tusimpe jina, aliyepata jike wa mchungaji wa Kijerumani. Aketi na kalamu, aandike: mara mbili kwa mwaka, watoto sita kila mara, ni kumi na wawili, kwa miaka mitano ni sitini. Sitini mara bei ya mmoja! Tayari ameona pikipiki, ameona mabati, na mahari imeanza kusogea.

Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha. Ina kosa la kusahau. Jike hubeba mimba karibu siku 63, kisha hunyonyesha. Wakati wa kunyonyesha watoto wengi huhitaji chakula mara mbili, hata mara tatu, ya kile cha siku zote, tena chenye nyama, samaki au maharage, si bugali mtupu. Asipokipata, maziwa hutoka katika mifupa na nyama yake mwenyewe. Akipandwa tena kwa joto linalofuata, huanza mimba akiwa na deni. Watoto wa pili huzaliwa wadogo. Wa tatu hufa wawili au watatu. Na wale waliobaki, waliopewa maziwa machache na minyoo mingi, huuzwa wakiwa na majuma matano kwa sababu kijana ameona wataanza kumla chakula. Nyumba ya mnunuzi hupokea mtoto mwenye tumbo kubwa na macho meupe, ambaye baada ya siku nne aharisha damu kwa ugonjwa uitwao parvo, na juma la pili azikwa nyuma ya jiko huku watoto wakilia. Mnunuzi huyo harudi, na jirani zake wamesikia.

Wafugaji wazuri wana desturi nyingine. Hawampandishi jike kwa joto la kwanza, maana yeye mwenyewe angali mtoto. Humngoja apite mwaka mmoja na nusu hivi. Akizaa humpumzisha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 ilimkataza mfugaji mwenye leseni kumzalisha jike zaidi ya mara sita maishani, wala mara mbili ndani ya miezi kumi na miwili. Watoto hupewa dawa ya minyoo tangu majuma mawili, na hii ni faida ya watoto wa watu pia, kwa kuwa minyoo ya mbwa huwaingia wachezao udongoni. Hukaa na mama yao mpaka majuma manane. Siku hizo si za kunyonya tu: mama huwafundisha kuuma kwa kiasi, nao huzoea mikono ya watu, sauti za sufuria na vilio vya watoto. Mtoto wa mbwa aliyefungiwa gizani mpaka siku ya kuuzwa hukua akiogopa, na mbwa mwoga ndiye aumaye mtoto wa nyumba, si mwizi.

Wako watakaosema: mbwa wa ulinzi hutakiwa mkali, na ukali hutokana na mateso. Si kweli. Mwaka 2011 Mbuga ya Virunga ilianzisha pale Rumangabo kikosi cha mbwa wa kunusa nyayo za majangili. Walichaguliwa mbwa wa Mtakatifu Hubert, wale wenye masikio marefu na pua yenye nguvu, na walezi wao walijifunza kuwalisha, kuwasafisha na kutembea nao kabla ya kuwatuma kazini. Mbwa afuataye harufu ya mtu porini kwa saa nyingi hufanya hivyo kwa kumwamini aliyeshika kamba.

Limebaki neno moja zito kuliko parvo. Kichaa cha mbwa huua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi katika Afrika na Asia, na kati ya watu mia, tisini na tisa huambukizwa na mbwa. Wanne katika kumi ni watoto wa chini ya miaka kumi na mitano. Dalili zikisha kuonekana, hakuna hospitali iwezayo kumponya mtu. Watoto wa mbwa wachuuzwao kutoka mji hadi mji bila cheti huuchukua ugonjwa huo mbali kuliko mbwa yeyote awezavyo kutembea kwa miguu yake. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika kumi na tano, aende kituo cha afya siku ile ile bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Naye mbwa na achanjwe afikapo miezi mitatu, na kurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Mahali ambapo mbwa sabini katika mia wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia.

Sisi twajua kwamba Masisi na Walikale hakuna mkaguzi wa vizimba, na miaka ya vita imewapokonya watu ng'ombe, mashamba na nyumba, sembuse mbwa. Lakini sheria ile ya Uingereza hata asiye na serikali karibu aweza kuitumia. Mwendapo kununua, mwombeni muuzaji awaonyeshe mama. Tazameni mbavu zake, chuchu zake, nyayo zake. Mwoneni kama aja kwa bwana wake au ajikunja amwonapo. Ulizeni alizaa lini mara ya mwisho, na kabla ya hapo lini. Muuzaji akisema mama yuko mbali, au ni mkali, au amefungwa kwa mjomba, muulizeni ni mjomba yupi, kisha mwende huko kwa miguu, na yule mtoto wa mbwa mmwache mikononi mwake mpaka mtakaporudi.